Desemba katika Kalenda ya India: Tangi la Bhopal na Karani wa Madras

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mwezi wa Desemba ni mwezi wa gwaride. Tarehe 9 Watanzania huadhimisha uhuru uliopatikana mwaka 1961, na siku tatu baadaye Wakenya hukumbuka uhuru wa mwaka 1963 na jamhuri ya mwaka 1964. Siku hizo hazihitaji kufafanuliwa. Lakini karibu kila taifa lina siku za namna nyingine, zisizo na gwaride wala mapumziko, ambazo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kalenda, na ambazo raia wengi wa taifa hilo wakiulizwa maana yake hubabaika. India inazo kadhaa katika mwezi huu wa Desemba. Mwenye kuzichunguza ataona jambo moja la ajabu: jina la siku aghalabu ni jina baridi, la kiofisi, lisilodokeza hata chembe ya kisa kilichoizaa.

Baadhi yake hazina kisa kirefu. Tarehe 14 ni siku ya hifadhi ya nishati, na tangu mwaka 1991 siku hiyo hutolewa tuzo kwa viwanda vilivyopunguza matumizi ya umeme na makaa ya mawe. Tarehe 24 ni siku ya haki za mlaji, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1986 sheria ya kumlinda mnunuzi ilitiwa saini na Rais. Sheria hiyo imekwisha kufutwa na kuwekwa nyingine ya mwaka 2019, lakini tarehe imebaki pale pale. Tarehe 23 ni siku ya mkulima. Hiyo ndiyo siku aliyozaliwa Charan Singh mwaka 1902, mwanasiasa wa kaskazini aliyepigania kuvunjwa kwa umwinyi wa mashamba katika jimbo la Uttar Pradesh, kisha akawa waziri mkuu kwa muda usiotimia miezi sita, tangu Julai 1979 hadi Januari 1980, bila kupata nafasi ya kulikabili Bunge hata siku moja. Wakulima wanamkumbuka zaidi kuliko vitabu vya historia.

Zimebaki mbili, tarehe 2 na tarehe 22, na hizo ndizo zinazostahili kusomwa darasani kwa utulivu.

Tarehe 2 Desemba huitwa Siku ya Kitaifa ya Kudhibiti Uchafuzi. Msikilizaji asiyejua angedhani ni siku ya kufagia mitaa na kupanda miti, na kwa hakika katika shule nyingi ndivyo inavyoadhimishwa, kwa michoro na hotuba. Siku hiyo imewekwa kwa ajili ya kuwakumbuka watu waliokufa katika mji wa Bhopal, makao makuu ya jimbo la Madhya Pradesh, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984.

Katika mji huo kampuni ya Union Carbide India Limited, tawi la kampuni ya Kimarekani, ilikuwa na kiwanda cha dawa za kuua wadudu wa mimea. Dawa yake kuu ilikuwa kabarili, iliyouzwa kwa jina la Sevin. Ili kuitengeneza, kiwanda kilitumia kimiminiko kiitwacho methili isosaianati. Mwanafunzi wa kemia azingatie tabia tatu za kimiminiko hicho. Kwanza, huchemka kwenye joto la digrii 39 hivi za sentigredi, kwa hiyo siku ya jua kali katika India ya kati humtosha kuwa mvuke. Pili, mvuke wake ni mzito kuliko hewa karibu mara mbili, kwa hiyo haupai juu bali hutambaa ardhini, ukaingia mabondeni na chini ya milango. Tatu, huchanganyika kwa nguvu na maji, na mmenyuko huo hutoa joto jingi pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Joto hilo huzidi kuuharakisha mmenyuko, nao mmenyuko huzidi kuongeza joto, mpaka chombo kisiweze tena kuhimili kanieneo iliyomo.

Kwa sababu hizo kimiminiko hicho kilipasa kuhifadhiwa katika baridi ya karibu digrii sifuri, mbali na maji, ndani ya matangi ya chuma kisichoshika kutu. Tangi lenye namba 610 lilikuwa na tani 42 hivi. Usiku ule maji yaliingia ndani yake. Yaliingiaje? Hapo ndipo wataalamu na mawakili walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha. Wafanyakazi na wachunguzi wengi walisema maji yalipenya kutoka katika mabomba yaliyokuwa yakioshwa bila kizuizi kilichopasa kuwekwa. Kampuni ilidai kwamba mfanyakazi mmoja aliyekuwa na kinyongo aliyatia makusudi. Lakini hata msomaji asiyependa kumhukumu mtu anaweza kuona kwamba swali hilo, lijibiwe vyovyote, halitoshi. Kiwanda cha aina hiyo hujengwa kwa kutarajia kwamba siku moja maji yataingia, na kwa ajili hiyo kiliwekewa kinga kadhaa, moja nyuma ya nyingine.

Kinga ya kwanza ilikuwa mtambo wa kupozea matangi. Ulikuwa umezimwa tangu Juni mwaka ule. Ya pili ilikuwa mnara wa kusafishia gesi kwa magadi makali, yaani haidroksidi ya sodiamu. Ulikuwa umewekwa kando bila kufanya kazi, na hata ungefanya kazi haukujengwa kwa wingi wa gesi uliotokea. Ya tatu ilikuwa mnara wa kuchomea gesi. Bomba la kuufikia lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo. Ya nne ilikuwa mipira ya kurushia maji, nayo maji yake hayakufika juu kwenye mdomo wa bomba uliokuwa ukitoa gesi. Hakuna muujiza wala mkosi katika orodha hiyo. Soko la dawa lilikuwa limeshuka, kiwanda kilikuwa hakileti faida, wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa, na matengenezo yaliahirishwa.

Joto ndani ya tangi linakadiriwa kupita digrii 200. Baada ya saa sita za usiku vali ya usalama ilifunguka, na katika muda wa saa mbili hivi karibu tani 40 za gesi zikamwagika juu ya mji uliolala. King'ora cha kuwaonya watu wa nje kililia kwa muda mfupi kikazimwa, kisha kikarudishwa baada ya gesi kuwa imekwisha kuenea. Waliokuwa karibu zaidi walikuwa maskini wa vibanda vilivyojengwa mkabala na ukuta wa kiwanda. Waliamka wakikohoa, macho yakiwawaka kama yaliyotiwa pilipili, wakakimbia. Na kukimbia kuliwafanya wavute hewa kwa nguvu zaidi. Watoto, ambao vimo vyao viliwaweka karibu na ardhi mahali gesi ilipokuwa nzito, walianguka wengi. Madaktari wa hospitali ya Hamidia walipokea maelfu ya wagonjwa bila kuambiwa kwa uhakika ni sumu gani iliyowapata. Wataalamu walisema baadaye kwamba kitambaa kilicholowa maji, kikifunikwa puani na mdomoni, kingesaidia, kwa kuwa gesi yenyewe humenyuka na maji. Kemia hiyo ni ya kidato cha tatu. Watu wa Bhopal hawakuwa wameambiwa.

Takwimu za kwanza za serikali zilitaja vifo 2,259. Serikali ya jimbo ikathibitisha baadaye vifo 3,787, na mashirika ya waathirika yanataja idadi iliyo mara kadhaa ya hiyo kwa kuwahesabu waliokufa polepole katika miaka iliyofuata. Waliofikiwa na gesi walizidi 500,000. Mwaka 1989 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 470 ili kumaliza madai, fedha ambazo zikigawanywa kwa idadi ya waathirika ni kidogo mno. Mkuu wa kampuni kutoka Marekani, Warren Anderson, alifika Bhopal siku chache baada ya maafa, akakamatwa, akaachiwa kwa dhamana, akaondoka nchini, wala hakurudi kujibu mashitaka hadi alipofariki mwaka 2014. Wasimamizi saba wa Kihindi walihukumiwa mwaka 2010, kifungo cha miaka miwili miwili.

Kuna mambo mawili katika kisa hiki ambayo hotuba za tarehe 2 Desemba huyaruka, na mwalimu hana budi kuyataja. La kwanza ni kwamba maafa yalitabiriwa hadharani. Mwandishi wa habari wa Bhopal, Rajkumar Keswani, aliyeshtushwa na kifo cha mfanyakazi mmoja kiwandani kutokana na gesi ya fosjini, alifanya uchunguzi wake mwenyewe, na mwaka 1982 akaandika katika gazeti dogo la Kihindi makala mfululizo za kuuonya mji kwamba umekaa juu ya mlima wa moto. Akaandika tena mwaka 1984, miezi michache kabla ya maafa. Hakuwa mwanakemia. Alisoma miongozo ya kiufundi, akawauliza wafanyakazi, akajumlisha mbili na mbili. Hakuna aliyemsikiliza.

La pili ni la kemia yenyewe. Kabarili huhitaji malighafi tatu: methilamini, fosjini na naftoli. Katika Bhopal methilamini ilichanganywa kwanza na fosjini ili kupata methili isosaianati, kisha hiyo ikachanganywa na naftoli. Lakini mpangilio unaweza kugeuzwa: naftoli ikachanganywa kwanza na fosjini, kisha zao lake likachanganywa na methilamini. Malighafi ni zile zile, dawa inayotoka ni ile ile, ila methili isosaianati haitokei popote njiani. Fosjini, iliyokuwa silaha katika Vita Kuu ya Kwanza, ingali sumu kali, kwa hiyo haifai kusemwa kwamba njia ya pili haina hatari. Hata hivyo tangi namba 610 lisingekuwapo. Na hata kwa njia iliyochaguliwa, hapakuwa na sheria ya maumbile iliyolazimisha kuhifadhi makumi ya tani za kimiminiko hicho badala ya kukitumia kadiri kinavyotengenezwa. Wanafunzi huzoeshwa kudhani kwamba mlinganyo wa kikemia ni jambo la karatasini tu; hapa mpangilio wa hatua mbili uliamua ni nini kitakachokuwamo katika matangi kando ya makazi ya watu.

Bunge la India lilipitisha sheria ya hifadhi ya mazingira mwaka 1986, na mafunzo ya usalama wa viwanda yalibadilika duniani kote. Taka za kiwanda, hata hivyo, zilikaa pale pale kwa miaka arobaini. Ni mwanzoni mwa mwaka 2025 tu ambapo zaidi ya tani 330 za taka hizo zilipakiwa katika malori yaliyozibwa na kupelekwa Pithampur kuchomwa, huku wakazi wa mji huo nao wakiandamana kuzipinga.

Baada ya siku ishirini kalenda ile ile huleta tarehe 22, Siku ya Kitaifa ya Hisabati. Hapa pia jina limemficha mtu. Mtu mwenyewe ni Srinivasa Ramanujan, aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, na kukulia Kumbakonam, ambako baba yake alikuwa karani katika duka la nguo. Siku hiyo ilitangazwa na Waziri Mkuu Manmohan Singh huko Chennai, mji ambao zamani uliitwa Madras, Desemba 2011, na mwaka 2012, ulipotimia mwaka wa 125 tangu azaliwe, ukafanywa mwaka wa hisabati nchini kote.

Yapo mengi yanayosemwa juu ya Ramanujan katika sherehe za siku hiyo, na mengi yanamfanya aonekane kama mchawi aliyeletewa fomula katika ndoto. Yasiyosemwa sana ni kwamba alifeli. Alipokuwa kijana alipata kitabu cha Mwingereza aitwaye Carr, ambacho kilikusanya maelfu ya kanuni za hisabati karibu bila uthibitisho wowote. Kitabu kilikuwa cha kuwakaririsha watahiniwa. Ramanujan akakigeuza kuwa shule yake, akawa anazithibitisha kanuni moja baada ya nyingine kwa njia zake mwenyewe, kisha akaanza kutunga za kwake. Alifanya hesabu juu ya kibao cha mawe, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, akafuta kwa kiwiko, na yale aliyoyaona yafaa tu ndiyo aliyoyanakili daftarini. Masomo mengine akayatupa. Akapoteza msaada wa masomo katika chuo cha Kumbakonam, na huko Madras akashindwa mtihani mwaka 1906 na tena mwaka 1907. Kwa kipimo cha elimu ya wakati ule alikuwa kijana asiye na mbele.

Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya bandari ya Madras. Ni kutoka katika meza hiyo ya karani ambapo tarehe 16 Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo cha Trinity, Cambridge, akijitaja kwanza kuwa ni karani mwenye mshahara wa pauni 20 kwa mwaka, kisha akaambatanisha kurasa za fomula. Hardy aliita rafiki yake Littlewood, wakaketi nazo hadi usiku. Baadhi zilikuwa zimekwisha kujulikana, chache zilikuwa na makosa, na nyingine hazikufanana na kitu chochote walichopata kukiona. Hardy aliamua kwamba hazina budi kuwa kweli, kwa kuwa hakuna mtu mwenye ubunifu wa kuzizua.

Ramanujan alivuka bahari mwaka 1914, jambo lililopingana na desturi za watu wa tabaka lake, akafika Uingereza miezi michache kabla ya vita. Alikaa miaka mitano, akila mboga alizojipikia mwenyewe katika nchi yenye baridi na uhaba wa vyakula, akawa mgonjwa. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Ni Mhindi mmoja tu aliyemtangulia, mwaka 1841. Alirudi nyumbani mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Wakati ule walidhani ni kifua kikuu. Mwaka 1994 daktari mmoja aliyezipitia kumbukumbu za ugonjwa wake alitoa hoja kwamba yamkini ilikuwa amiba iliyoshambulia ini, maradhi ambayo hata siku zile yaliweza kutibiwa.

Kisa cha teksi namba 1729 husimuliwa mno, kwa hiyo kitatajwa kwa ufupi tu: Hardy alipomtembelea hospitalini alisema namba ya teksi yake haikuwa na la ajabu, na mgonjwa akamjibu kwamba ni namba ndogo kuliko zote zinazoweza kupatikana kwa kujumlisha vipeo viwili vya tatu kwa njia mbili tofauti. Kipeo cha tatu cha 12 na cha 1 ni 1728 na 1. Cha 10 na cha 9 ni 1000 na 729. Kisa kinafurahisha. Kazi aliyoifanya juu ya migawanyo ya namba ni kubwa zaidi, na uzuri wake ni kwamba inaanza mahali ambapo mtoto wa shule ya msingi anaweza kusimama.

Swali ni hili: namba nzima inaweza kuandikwa kwa njia ngapi kama jumla ya namba nzima nyingine, bila kujali mpangilio? Namba 4 ina njia tano: 4 yenyewe, 3+1, 2+2, 2+1+1, na 1+1+1+1. Namba 5 ina njia 7. Namba 10 ina njia 42. Hapo mtu hudhani amelielewa jambo, lakini idadi hupanda kwa kasi ya kutisha: namba 100 ina njia 190,569,292, na namba 200 ina njia 3,972,999,029,388. Jibu hilo la mwisho lilipatikana kwa mkono na Meja MacMahon, askari aliyegeuka kuwa mwanahisabati, ambaye alitengeneza jedwali lote kutoka 1 hadi 200. Hardy na Ramanujan walitunga fomula ya kuikadiria idadi hiyo bila kuorodhesha chochote. Kwa namba 200, vipengele vinane tu vya fomula yao vilitofautiana na jibu la MacMahon kwa elfu nne za sehemu ya moja, yaani 0.004, katika hesabu inayozidi trilioni tatu.

Karatasi za Ramanujan hazikuisha kusomwa alipokufa. Mwaka 1976 Mmarekani George Andrews, akipekua sanduku katika maktaba ya Chuo cha Trinity, alikuta kurasa zaidi ya 100 za mwandiko wake wa mwaka wa mwisho wa uhai wake. Humo zimo kazi ambazo maana yake kamili ilianza kueleweka karne hii, baada ya Mholanzi Sander Zwegers kuandika tasnifu yake mwaka 2002.

Kwa wanafunzi watakaopenda kuijaribu kazi yenyewe, jedwali la MacMahon lilimwonyesha Ramanujan jambo ambalo aliyelitengeneza hakuliona. Namba 4 ina njia 5, namba 9 ina njia 30, namba 14 ina 135, namba 19 ina 490, namba 24 ina 1,575. Kila namba inayoishia kwa 4 au 9 ina idadi ya njia inayogawanyika kwa 5 bila baki, na Ramanujan alithibitisha kwamba haitokei kasoro hata tukienda mbali namna gani. Njia 30 za namba 9 zinaweza kuorodheshwa darasani katika kipindi kimoja. Akaona pia kwamba ukianza na 5 na kuruka saba saba, yaani 5, 12, 19 na kuendelea, idadi zake ni 7, 77, 490, zote zikigawanyika kwa 7. Mwenye subira aanze na 6 na kuruka kumi na moja kumi na moja, atafute mwenyewe kigawanyo chake.